Barua pepe zimerudi zote, kalenda haijarudi: kisa cha ofisi moja ya kliaringi

Kuna lalamiko moja nalisikia sana na mara nyingi linaishia pabaya. Mtu kabadilishiwa kompyuta au kafunguliwa profaili mpya ya Outlook (ile programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda), barua pepe zake zikashuka zenyewe mpaka za miaka ya nyuma, fundi akachukua hela yake akaondoka, alafu kesho yake mtu anafungua kalenda anakuta nyeupe pee. Akiuliza anaambiwa imefutika hiyo, anza upya. Mara nyingi haijafutika! Ipo, ila ipo mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kupaangalia, na kinachoifuta kweli ni hatua inayofuata, ya kufomati ile mashine ya zamani. Hiki kisa nakieleza kirefu kwa sababu hiyo.

Ofisi yenyewe ni ya wakala wa forodha hapa Dar, ndogo tu, kazi yao kutoa makontena bandarini. Kuna mama anashika nyaraka zote, na kwenye kalenda ya Outlook ya huyo mama ndo kuna roho ya ofisi. Kila kontena likishuka linakuwa na siku zake za bure, zikiisha mwenye meli anaanza kuhesabu demareji, yani tozo ya kuchelewesha kontena, na bandari nayo inahesabu storeji, kwaiyo mama kila akipokea BL (hati ya mzigo wa meli) anaingiza siku ya mwisho kama tukio la siku nzima, anaweka na rimainda ilie kabla. Amefanya hivyo miaka. Ndani mna tarehe za makontena, leseni ya kuhuisha, bima, vikao na wateja wa nje, vyote humo humo. Hakuna daftari la pembeni, na sioni kosa la mama hapo manake programu ya kalenda imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo.

Tatizo la kwanza halikuwa kalenda kabisa. Outlook ilianza kuganda wakati wa kufunguka, inaonyesha lile dirisha dogo la kupakia profaili inakaa hapo hapo, ukiilazimisha kufunga ukafungua tena ni vile vile. Akaitwa fundi, akasema mashine imechoka. Bosi akanunua nyingine, mtumba ila nzuri tu, fundi akapiga Windows upya, akaweka Office, akaingiza anwani ya barua pepe na paswedi, meseji zikaanza kumiminika. Kila mtu akaona kazi imeisha. Mashine ya zamani ikasukumwa chini ya meza ikisubiri kufomatiwa iende mapokezi.

Siku za mwanzo mama hakugundua kwa sababu alikuwa anajibu barua tu. Aligundua pale mteja alipopiga simu kuulizia kontena lake, akafungua kalenda, hamna kitu. Hamna mwezi uliopita, hamna mwezi ujao. Fundi kwenye simu akamwambia kalenda haikuwa na bakapu kwaiyo imekwenda. Basi akaanza kuingiza upya kutoka kwenye mafaili ya karatasi, na hapo kikazuka kituko cha pili, mialiko ya vikao inakaa saa za ajabu, kikao cha mchana na mteja wa Uingereza kinaonekana saa nane usiku, na kuna muuzaji wa China kawaandikia kwamba barua zao zinaonyesha zimetumwa saa ambayo bado haijafika.

Mimi niliitwa kwa hicho cha pili. Nilipofika mama akaniambia, "mwanangu angalia hizi saa, kalenda nishaikatia tamaa." Nkamwambia shikamoo mama, kabla ya saa naomba kwanza nijue ile mashine ya zamani iko wapi na kuna mtu kaigusa? Ikawa bado iko chini ya meza. Nikaomba isiguswe na mtu yeyote, fomati isimame.

Kwa nini niliuliza hivyo, hapa ndo penye kiini. Barua pepe za ofisi hii ziko kwenye seva ya kampuni inayowahifadhia tovuti, na Outlook inazivuta kwa IMAP. IMAP ni utaratibu wa miaka ya 80, aliuanzisha Mark Crispin akiwa Stanford, na kazi yake ni barua na folda za barua basi. Haibebi kalenda, haibebi anwani za watu, haibebi orodha ya kazi. Ndo maana ukiweka akaunti ya IMAP kwenye kompyuta mpya barua zinarudi zote, seva ndo inazo, kompyuta inachukua nakala. Kalenda kwa upande wa seva haijawahi kuwepo hata siku moja. Kalenda inayotembea kutoka mashine hadi mashine inahitaji kitu kingine, ama akaunti ya aina ya Exchange au Microsoft 365, ama ile ya Google, ama seva yenye CalDAV ambao ni utaratibu wa kalenda uliotolewa 2007. Mtu anaona barua na kalenda kwenye dirisha moja, kwenye programu moja, anwani moja, anaamini vyote vinalala sehemu moja. Ni imani ya kawaida kabisa na programu haikusaidii sana kuivunja.

Ila inatoa dalili moja, ndogo. Kuanzia Outlook ya 2013 ukiwa na akaunti ya IMAP, jina la kalenda upande wa kushoto linafuatiwa na maneno "This computer only". Yani hiyo kalenda iko kwenye kompyuta hii tu, ndani ya faili la OST, yani faili ambalo Outlook inatunzia vitu vyake, kwenye diski ya hiyo mashine, kompyuta ikifa imekufa nayo. Ukiyaona hayo maneno kwako leo usiendelee na kitu kingine, toa bakapu kwanza. Na ukitaka kuondoa akaunti kwenye Outlook inakupa onyo kwamba vilivyohifadhiwa nje ya mtandao vitafutwa, watu wanabonyeza ndiyo haraka haraka kwa kuwa wanajua barua ziko kwenye seva. Barua ndiyo ziko. Kalenda ndo inayoondoka na hiyo ndiyo.

Kwaiyo maana ya mashine ya zamani ni kwamba kama hakuna aliyeondoa akaunti wala kufomati, kalenda nzima ya mama iko mule mule.

Nikaitoa, nikaiwasha bila waya wa mtandao na Wi-Fi nikazima. Sikutaka ianze kusinkronaiza au kujiapdeti katikati ya kazi. Kabla ya kufungua Outlook nikaenda kwenye folda ya AppData ya mtumiaji, ndani ya Local, Microsoft, Outlook, faili la OST lipo na tarehe yake ya mwisho ni ile siku ya mwisho mama kutumia mashine. Hapo moyo ukatulia. Nikalinakili kwenye diski ya nje Outlook ikiwa imefungwa. Hiyo nakala ni ya tahadhari tu na nataka watu waelewe, OST haifunguki kwa kuibeba ukaiweka kwenye Outlook ya mashine nyingine, imefungwa na akaunti na profaili iliyoitengeneza. Kuna programu za kuuzwa mtandaoni zinaahidi kuigeuza, baadhi zinafanya kazi na nyingine sizo za kuziamini na barua za wateja, kwaiyo wakati mashine ya mwanzo bado inawaka njia salama ni kuifungua pale pale ilipozaliwa.

Sasa Outlook yenyewe ndo ile inayoganda. Nikaifungua kwa hali salama, unabonyeza Windows na R alafu unaandika outlook.exe /safe, au unashikilia Ctrl huku unabofya ikoni. Ikafunguka moja kwa moja. Hali salama inafungua Outlook bila plagini, yani vijiprogramu vya nyongeza vinavyojichomeka ndani yake, kwaiyo kama kawaida inaganda na kwa hali salama inafunguka, mshukiwa wa kwanza ni plagini, siyo diski wala uchovu wa mashine. Nikaingia kwenye orodha ya plagini nikakuta ya antivairasi ambayo leseni yake imeisha, bado imejichomeka inakagua kila barua inayoingia. Nikaitoa tiki, nikafunga, nikafungua kwa njia ya kawaida. Ikafunguka. Mashine haikuwa imechoka. Bosi alinunua kompyuta kwa sababu ya tiki moja, na namwambia kila fundi hapa, jaribio la hali salama ni la dakika chache na halina hatari yoyote, lifanye kabla hujatamka neno "mpya".

Pembeni kidogo hapa, kuna wanaosema inaganda kwa sababu faili limejaa. Inawezekana, mpaka wa faili la PST (faili la Outlook ambalo unaweza kulihamisha) au OST kwenye Outlook za kuanzia 2010 ni GB 50 kama hujaubadilisha, na zile PST za aina ya kale kabisa zilikuwa na mpaka wa GB 2 zikifika hapo zinaharibika. Angalia ukubwa kabla ya kulaumu. La huyu mama lilikuwa mbali na huo mpaka. Na kama faili limeharibika kweli kuna SCANPST inayokuja na Office, inakaa folda moja na Outlook, inakagua na kukarabati, ila ipe nakala siyo faili halisi.

Kutoa kalenda sasa. Kwenye menyu ya Faili kuna sehemu ya kufungua na kusafirisha, humo unachagua kusafirisha kwenda kwenye faili, aina ni PST, alafu kwenye mti wa folda unaichagua ile kalenda yenyewe. Watu wengi wanakosea hapa, wanachagua ya juu kabisa inasafirisha barua zote inachukua masaa, au kuna kalenda mbili wanachagua iliyo tupu. Hesabu kwanza. Geuza kalenda ionekane kama orodha, chini kushoto inakuonyesha idadi ya vitu, iandike mahali, ukimaliza kuingiza upande wa pili idadi ifanane. Nikafanya hivyo, PST ikatoka, nikaifungua kama faili la pembeni nikapitia tarehe za mbele moja moja na mama akiwa amekaa kando yangu. Alizitambua zote. Akasema alhamdulillahi akaenda kumwambia bosi.

Kalenda imepatikana, ila sikuiingiza kwenye mashine mpya siku hiyo hiyo papo hapo, manake kulikuwa na lile la saa, na ukiingiza kalenda kwenye mashine yenye saa mbovu unaongeza fujo.

Saa pale chini kulia ilionyesha sawa kabisa, saa ya Dar. Kila mtu akiitazama anaona haina shida. Nikafungua mipangilio ya tarehe, taimu zoni ni Pacific, ile ya pwani ya magharibi ya Marekani, na kujirekebisha kwa saa kumezimwa. Ilivyotokea inaeleweka, Windows ikipigwa kwa Kiingereza cha Marekani mara nyingi inakuja na hiyo zoni, fundi akaona saa siyo yetu, badala ya kubadilisha zoni akabadilisha mishale, na ilipokuwa inajirudisha yenyewe akazima kujirudisha. Hili liko kwenye ofisi nyingi sana, nenda kaangalie ya kwenu.

Madhara yake ni haya. Kompyuta ndani yake haitunzi "saa tatu ya Dar", inatunza saa ya dunia (UTC) alafu inaongeza au kupunguza kutokana na zoni. Sisi tuko mbele ya saa ya dunia kwa masaa matatu mwaka mzima. Pacific kipindi kile, mwezi wa tano, ilikuwa nyuma kwa masaa saba. Ukiiambia mashine kwamba saa hizi ni saa tatu asubuhi na uko Pacific, yenyewe inaelewa dunia iko masaa kumi mbele ya ilivyo kweli. Mama anaandika barua saa tatu asubuhi, inapigwa muhuri ambao ukisomwa kwa saa zetu ni saa moja usiku. Ndo yule wa China anaona barua za kesho, na kwenye programu zinazopanga kwa tarehe ya kutumwa barua yako inaganda juu ya orodha au inaonekana haieleweki, vichujio vya taka navyo havipendi tarehe za mbele. Mialiko ndo kinyume, kikao cha saa sita mchana kwetu kinabebwa kwenye mwaliko kikiwa na saa yake sahihi ya dunia, Outlook ya mama inakisoma kwa Pacific inakiweka saa nane usiku. Hakuna anayekosea hapo, mwaliko uko sawa, mtumaji yuko sawa, zoni ndo siyo.

Na matukio ya siku nzima ndo yanaumia zaidi, ambayo kwa mama ndo karibu kalenda yote. Kwenye Outlook hii ya kawaida tukio la siku nzima linatunzwa kama kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku ya pili. Ukilifungua kwenye zoni nyingine linasogea. La tarehe 14 lililowekwa Dar, ukilitazama kwa Pacific linaanza tarehe 13 saa nane mchana na kuisha tarehe 14 saa nane mchana, yani linalala juu ya siku mbili. Hebu fikiria mtu anatazama siku ya mwisho ya kontena na inaonekana iko siku mbili, atachukua ipi? Kwenye kazi ya makontena hiyo ni hela.

Kwaiyo zoni kwanza. Nikaweka ya Nairobi, ile ya masaa matatu mbele, ndo yetu Afrika Mashariki hapa, Windows haina inayoitwa Dar, nikawasha saa kujirekebisha yenyewe kutoka mtandaoni, nikafunga Outlook nikaifungua. Kikao cha Uingereza kikarudi saa sita mchana. Ndo nikaingiza PST, nikachagua isiingize vinavyojirudia, na nikaielekeza kwenye kalenda kuu ya akaunti. Hili la kalenda kuu lina sababu, ukiiacha PST ikae pembeni kama faili la pili utayaona matukio vizuri tu lakini kwa kawaida rimainda hazitalia, zinalia za kalenda kuu. Mtu anaona data yake ipo anaridhika, alafu hamna kinachomkumbusha.

Idadi ikafanana. Rimainda zikatoka kwa mpigo dirisha zima, za makontena yaliyokwisha toka zamani pamoja na za wiki hiyo. Mama alitaka kubonyeza kufuta zote, nikamzuia, tukazipanga kwa tarehe tukaondoa za nyuma, zikabaki zilizo hai na mbili zilikuwa za kufanyiwa kazi siku ile ile.

Kilichobaki ni vile alivyoingiza mwenyewe kutoka kwenye karatasi akiwa kwenye zoni mbovu. Hivyo havijirekebishi, vilitunzwa kwa saa sita usiku ya Pacific, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi, kwaiyo sasa vinaonekana vinaanza saa nne asubuhi hadi saa nne ya kesho yake. Hapa hamna kitufe. Tukageuza kalenda kuwa orodha, tukapanga kwa tarehe ya kuundwa, vyote vya siku zile vikaja juu pamoja, vingi vilikuwa marudio ya vilivyotoka kwenye mashine ya zamani vikafutwa, vichache vya kweli vikarekebishwa kwa mkono mama akisoma karatasi.

Wengi wangeishia hapo na ndipo ninapobishana na mafundi wenzangu. Kalenda imerudi lakini bado jina lake linasema ipo kwenye kompyuta hii tu. Ni shimo lile lile limehamia mashine nyingine. Nikamwekea bosi njia zilizopo. Kuhamia Microsoft 365 au Google, unalipa kwa kila mtu kila mwezi, unapata barua na kalenda sehemu moja bila kuhangaika. Au kutumia Thunderbird, ni ya bure na kalenda yake inajua CalDAV yenyewe, ila mama amezoea Outlook na sioni haki ya kumbadilishia mtu zana yake ya kazi kwa kuwa fundi mmoja alikosea. Au kubaki na Outlook, ambayo yenyewe haijui CalDAV, ukaongeza plagini ya bure ya CalDav Synchronizer, na seva yao ya tovuti ina cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, ambayo tayari inatoa kalenda ya CalDAV bila malipo ya ziada. Alichagua hii ya tatu. Ina kazi kidogo mwanzoni na lazima mtu aiangalie baada ya Office kujiapdeti, sifichi hilo.

Sinki ya kwanza nikaiweka upande mmoja tu, kutoka Outlook kwenda seva, ili kalenda tupu ya seva isije ikashusha utupu wake chini. Ilipojaa upande wa pili na idadi ikakubali ndo nikaifungua iende na kurudi. Simu ya mama ni Android, tukaweka DAVx5, programu ya kuiunganisha simu na CalDAV, sasa tarehe za makontena zinalia mfukoni hata akiwa bandarini. Kwa wenye iPhone hakuna cha kuongeza, CalDAV iko ndani ya mipangilio.

Kitu kimoja nilimweleza mapema ili asije kudhani zoni imeharibika tena. Kile kikao cha kila wiki na wa Uingereza kimewekwa na wao, saa nne asubuhi ya London. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi wanarudisha saa nyuma, sisi hatubadilishi, kwaiyo kitahama kutoka saa sita mchana kwenda saa saba, na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu kinarudi saa sita. Hilo ni sahihi na asikisogeze kwa mkono. Kikisogea kwa masaa kumi ndo aniite.

Mashine ya zamani ilifomatiwa baadae, PST ikiwa imeshakaa kwenye diski ya nje na kwenye kompyuta ya bosi, sasa iko mapokezi na Outlook inafunguka vizuri.